YAH: Kuhamishiwa Windows 11 bila idhini, na kushauriwa ninunue kompyuta nisiyoihitaji

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Nalalamikia jinsi karakana yenu ilivyoshughulikia kompyuta zangu mbili. Laptopu niliileta ibadilishwe betri. Ya mezani niliileta muikague mniambie kama inafaa kuhamia Windows 11. Niliyoitakia betri tu ikarudi na mfumo endeshi mpya. Niliyotaka ihame ikarudi na ripoti kwamba haifai, ninunue nyingine.

Nianze na laptopu. Fomu ya kupokelea kazi, ambayo nakala yake nimeiambatisha, ina mstari mmoja tu: "kubadilisha betri". Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza lolote zaidi. Nilipohoji pale kaunta, fundi alinijibu kwamba Windows 10 "imeshakufa" na kwamba nimefanyiwa hisani kwa kuwa sikutozwa. Kwa kompyuta inayokidhi vigezo na yenye leseni halali ya Windows 10, kuhamia Windows 11 hakulipiwi. Hisani hiyo haikuwa yenu.

Na hiyo "kufa" ielezwe sawasawa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni kuzibwa kwa mianya mipya ya usalama inayoendelea kugunduliwa. Hatari hiyo siipuuzi hata kidogo. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilivamia kompyuta katika nchi nyingi kupitia mwanya ambao sasisho lake lilikuwa limetoka tangu Machi, na walioumia ni wale ambao hawakuwa wameliweka. Lakini watumiaji binafsi walipewa njia nyingine: masasisho ya usalama ya nyongeza hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwenye akaunti yake ya Microsoft. Laptopu yangu nilikuwa nimeshaisajili huko. Fundi angefungua tu ukurasa wa masasisho, angeona.

Sababu ya kuisajili badala ya kuihamisha ni kwamba ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ngumu ya zamani, ile ya kuzunguka. GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali. Kukubalika ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine. Sasa nikiiwasha, taa ya diski inawaka mfululizo. Nikifungua kivinjari na faili la hesabu kwa pamoja, kishale kinaganda na herufi ninazoandika zinatokea baadaye, zote kwa mkupuo. Skana yangu nayo haitambuliki tena.

Ningeweza kurudi nilikotoka. Windows 11 humpa mtumiaji siku 10 za kurejea mfumo wa awali, na faili za kurejea nazo hukaa kwenye folda ya Windows.old. Folda hiyo mmeifuta. Fundi anasema alikuwa akipunguza mzigo kwenye diski. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote: mlinifungia njia ya kurudi kabla hata sijajua kuwa nimehamishwa.

Kompyuta ya mezani ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 10, RAM ya GB 8 na SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka. Ripoti yenu inasema "TPM haipo", na mmeibana pamoja na makadirio ya bei ya kompyuta mpya. TPM ni kijenzi cha usalama kinachotunza funguo za siri, na Windows 11 inakidai. TPM ipo. Imejengwa ndani ya mfumo wa Intel wenyewe, ila kwenye bodi mama nyingi huja ikiwa imezimwa. Niliingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, nikatafuta kipengele cha Intel PTT, ambalo ndilo jina la TPM ya Intel, nikakiwasha, nikahifadhi. Programu ya Microsoft ya kupima ufaafu, ambayo awali ilikuwa imeikataa, sasa ikaikubali. Nimeshaihamisha, na inakwenda vizuri: printa inachapa, programu zangu zote zinafunguka, masasisho yanaingia. Kwa mashine hii kuhama kulistahili kabisa, na jibu hilo ndilo nililowalipa mnipe.

Sipingi watu kuhama. Ninachosema ni kwamba jibu hutegemea mashine iliyo mezani na kazi ya mwenyewe, na uamuzi ni wa mwenye mali akishaelezwa ukweli. Mtu asiyejua BIOS ni nini angeiamini ripoti yenu, akatoa fedha, na kompyuta nzima ikaishia jalalani. Nahofia wapo waliokwisha kufanya hivyo.

Nataka laptopu irejeshwe Windows 10 kwa gharama yenu, mafaili yangu yakihifadhiwa kwanza pembeni nikishuhudia, kisha isajiliwe upya kwenye masasisho ya nyongeza. Mkishindwa, iwekeeni SSD na RAM ya kutosha, pia kwa gharama yenu. Nirudishieni ada ya ukaguzi wa kompyuta ya mezani. Pia pitieni ripoti zote mlizoandika "TPM haipo", na kila mteja aliyepewa apigiwe simu aelezwe kwamba kompyuta yake ikaguliwe tena bure. Hili la mwisho silifanyii mapatano.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitalipeleka shauri hili kwa mamlaka inayolinda haki za watumiaji, pamoja na fomu, ripoti na picha za ukurasa wa BIOS nilizoambatisha hapa. Laptopu nitaileta mkishanitajia fundi atakayeishughulikia na mkishakubali kwamba hataongeza wala kufuta chochote bila saini yangu.

Wenu,
Mteja (namba ya kazi imo kwenye nakala ya fomu)