Barua ya wazi kwa vijana wa Frere Town

Wanangu na wajukuu zangu, nyinyi mlioko hapa Mombasa na mliotawanyika Nairobi mpaka ng'ambo, hamjambo. Anayetaipu ni mjukuu wangu, maneno ni yangu mimi, kwa hivyo makosa mgawane.

Juzi nimepanda matatu kutoka town, makanga anaita Kengeleni, Kengeleni! Nikamuuliza we kijana, kengele yenyewe iko wapi? Akacheka, mzee hiyo ni stage tu. Sikumlaumu, maana hata watoto wetu wanaipita wakienda shule wala hawageuzi shingo, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikilia kuwaonya wazee wetu, watumwa waliokombolewa wakawekwa hapa Frere Town, wakati watu bado wanaogopa kukamatwa tena.

Mnajua ilivyokuwa. 1873 Sultan Barghash akatia saini soko la watumwa Unguja lifungwe, mwaka uliofuata CMS, wale wamishonari wa Kiingereza, wakaanza kutafuta ardhi huku Kisauni, manowari za Waingereza zikawa zikikamata majahazi zinatuletea watu. Myao, Mnyasa, Mmakua, kila mtu na lugha yake, wakawakuta Waafrika wenzao waliokombolewa mapema wakalelewa na wamishonari Nasik kule India, hao wanajua uhunzi, useremala na kusoma, wakaoana, Kiswahili kikawa ndio lugha ya nyumbani. Sierra Leone pia ilikuwa hivyohivyo kabla yetu, waliotolewa majahazini wakashushwa Freetown, kizazi chao leo ni Wakrio na wana lugha yao Kikrio wanajidai nayo. Na kule mtu akishushwa tu jina lake liliingizwa kwenye rejista.

Sasa sisi je? Mimi ninayo Biblia ya nyanya yangu, ukurasa wa mwanzo kuna majina tisa kwa penseli, John, Grace, Polly, yote ya ubatizo. Jina moja tu limeandikwa pembeni la kwao, nalo limefutika nusu, nimelisoma kwa tochi na miwani nikapata herufi nne. Kasha la bati lililokuwa na picha na vyeti, ndugu yangu mmoja (simtaji, anajijua) aliwashia jiko wakati anapaka nyumba rangi, eti makaratasi ya zamani.

Lakini tusimsingizie yeye peke yake, wazee wetu walinyamaza makusudi. Sisi tulipokuwa wadogo ukisema kwenu Frere Town unaambiwa mtoto wa mtumwa, basi nyanya akiulizwa mamake katoka wapi anainuka anaenda kutazama chungu. Mimi nikamwacha aende na chungu chake, ujinga wangu huo. Na mpaka leo ukienda ofisini unaulizwa kabila gani, unatoka location gani, unabaki kumeza mate, na shamba la babu likigombaniwa hapo ndio utajua jina lisiloandikwa halina shahidi.

Aibu gani lakini? Aliyeuza watu ndiye aone haya. Leonard Mambo Mbotela yule mtangazaji wa redio, sauti yake ilijulikana Kenya nzima, ni wa kwetu huyu.

Kwa hivyo msiningoje nife mje na mashada. Kila nyumba itafute mzee wake, mrekodini hata akirudia maneno, mwacheni arudie. Picha zipigwe nyuma pia, kwa maana majina huandikwa nyuma. Makaburi yakifyekwa, someni mawe kabla hamjayapaka chokaa.

Jumapili hii baada ya ibada niko barazani na hiyo Biblia. Mwenye macho mazuri aje anisaidie zile herufi zilizobaki, chai ipo, mkate mje nao.