Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, Kigoma

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: VIBALI VYA MITAMBO MIDOGO YA UMEME VITOLEWE KWA VIPIMO VYA SEPTEMBA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni mafundi wa mitambo midogo ya maji, milimani Kasulu na Buhigwe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechepusha maji awe na kibali, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tunaziunga mkono zote mbili. Ila banio, yaani kizuizi kinachoelekeza maji mferejini, halina pengine pa kukaa isipokuwa mtoni, na fundi asiyejua ataruhusiwa nini hujenga kwa kujificha. Kinachojengwa hivyo hakikaguliwi na mtu.

Kosa kubwa hufanyika kabla bomba halijanunuliwa: mto unapimwa Machi, mvua zikiwa zimejaa. Septemba maji yanapungua, mtambo unalegea, mwenyewe anaongeza mifuko ya mchanga kwenye banio mpaka kipande cha mto kati ya banio na mtambo kinakauka kabisa. Hapo ndipo ugomvi na wachota maji unapoanza, na wachota maji wana haki.

Kupima ni kazi ya asubuhi moja. Kinga kijito, pitisha maji yote kwenye kipande cha bomba, yaingie pipa la lita 200. Likijaa kwa sekunde 13, mto una lita 15 kwa sekunde. Rudia mara tano, chukua wastani. Mwanguko, yaani kimo ambacho maji yanashuka hadi mtamboni, pima kwa mpira wa maji wa waashi.

Tuseme lita 10 ziende mtamboni na 5 zibaki mtoni. Kwenye banio liwekwe bati lililokatwa V ya nyuzi 90, ncha yake ya chini ikiwa sentimita 10 na nusu chini ya kizingiti cha mfereji. Hivyo mto unapata lita zake 5 kwanza, ndipo tone la kwanza liingie mferejini. Mkaguzi wenu hahitaji kumwamini mtu. Atapima kwa rula. Tunaomba hili liwe sharti la kila kibali.

Lita 10 zikianguka mita 15 zina wati 1,470. Pampu inayozungushwa na maji kwa mwelekeo wa kinyume, ikiendesha mota iliyofanywa jenereta, hutoa nusu yake, wati 700 hivi. Ni taa za LED, redio na simu. Pasi na jiko hapana, na wanakijiji waambiwe kabla hawajachanga. Bomba la inchi 4 lenye mita 60 hula chini ya mita moja ya mwanguko huo. La inchi 3 hula mita 3 na nusu hivi, yaani karibu robo ya umeme inaishia bombani.

Usalama ndio unaotutia hofu zaidi. Watu wakizima taa kwa pamoja, mtambo unakimbia, volti zinapanda, balbu na kapasita (vifaa vinavyoiwezesha mota kuzalisha umeme) zinaungua. Lazima kuwe na kidhibiti kinachopeleka umeme usiotumika kwenye hita iliyozama ndani ya pipa. Hita iweze kubeba nguvu yote ya mtambo, na pipa lipitishiwe maji muda wote, kwa sababu hita ikibaki kavu inakatika na mtambo unakimbia upya. Kapasita ziwe za kufanya kazi mfululizo. Zile za kuwashia mota hupasuka ndani ya dakika chache, na duka lisiloelewa huuza zote kama kitu kimoja. Mwili wa mota uungwe na waya wa ethi unaozama ardhini. Chujio la nondo na shimo la kutuliza mchanga visikosekane, la sivyo mchanga utakula pampu.

Tunaomba pia mambo matatu. Mpima maji wenu apite vijijini Septemba, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji. Pili, mtoe karatasi moja ya Kiswahili inayotaja V ya banio, hita na ethi, ikieleza pia ni kazi gani zinaruhusiwa ndani ya mita 60. Tatu, wenye mitambo ambayo tayari inazunguka wapewe muda wa kurekebisha na kuomba kibali kabla ya kung'olewa. Mitambo hiyo tuko tayari kuionyesha.

Wenu katika kazi,
Mafundi wa mitambo ya maji, Kasulu na Buhigwe