Hoteli kongwe ziingizwe kwenye filamu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu hoteli kongwe za Nyanda za Juu Kusini. Mwandishi alizungumzia paa na rangi tu, filamu akaisahau.

Filamu ya Hatari! ya mwaka 1962, aliyoigiza John Wayne, ilipigwa kaskazini mwa nchi yetu. Mwigizaji mwenzake kutoka Ujerumani, Hardy Krüger, alipapenda Momella, karibu na Arusha, akanunua shamba na kujenga hoteli. Mpaka leo wageni hulala Hatari Lodge kwa sababu ya jina hilo. Huku kwetu kuna ukungu wa Mufindi, mashamba ya chai na majengo ya enzi za Wajerumani mjini Iringa, lakini filamu zetu nyingi bado zinapigwa kwenye sebule za Dar es Salaam (zile zile za makochi meupe).

Naomba halmashauri za Iringa na Mbeya, pamoja na Bodi ya Filamu Tanzania, waorodheshe hoteli na majengo ya kale yanayofaa, wapunguze ada za kupiga picha humo, na wamtake kila mtayarishaji ataje jina la jengo mwishoni mwa filamu.

Msomaji wenu,
Iringa