Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakandaji wa masaji wenye leseni, tunaozungumza Kiswahili hapa Texas,

Poleni na kazi, na asanteni mliosafiri kutoka Houston na Abilene kuja kwenye mkutano huu.

Mwaka huu ulikuwa mwaka wa bunge. Bunge la Texas hukutana kwa kawaida miaka ya witiri tu, tena kwa siku zisizozidi 140. Safari hii lilianza Januari 14 na kufungwa Juni 2. Sehemu kubwa ya muda na fedha za chama chetu ilikwenda huko. Naanza na hilo kwa sababu sidhani kwamba inafaa tuendelee kugawa nguvu zetu namna hiyo.

Wengi mmeuliza kwenye kundi la WhatsApp tulikwenda Austin, linakokaa bunge, kufanya nini. Kulikuwa na mswada uliogusa vituo vya masaji, na tulitaka sauti ya mkandaji mwenye leseni isikike kabla ya maneno hayajakauka kwenye karatasi. Huwezi kujiandikisha kuzungumza mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi ukiwa umekaa sebuleni kwako. Unafika mwenyewe kwenye jengo la bunge, unaingiza jina lako kwenye mashine zilizopo humo, au kwenye simu yako kwa mtandao wa jengo hilo hilo, unaeleza kama unaunga mkono au unapinga, halafu unangoja. Mara nyingi kamati haikai mpaka kikao cha wabunge wote kiahirishwe, na saa hiyo hakuna anayeijua mapema. Wenzetu waliondoka Dallas alfajiri. Dada aliyetusemea aliitwa jua limeshazama.

Alipewa dakika mbili. Alikuwa amefanya mazoezi kwa kujihesabia kwenye simu, akamaliza kabla muda haujaisha. Mbunge mmoja akamwuliza swali moja tu: mteja atajuaje kwamba wewe si wale tunaowatafuta? Dada hakujibu kwa hotuba. Alifungua mkoba, akatoa leseni yenye picha yake na fomu ya mashauriano isiyojazwa, akaanza kumsomea vipengele vyake. Kwangu mimi, hapo ndipo petroli yetu iliporudi.

Mswada wenyewe uliishia kwenye kamati. Tusijisifu sana: miswada iliyowasilishwa mwaka huu ilizidi 8,000, na mingi ilikufa bila hata kupigiwa kura.

Swali la yule mbunge lina chimbuko lake. Mwaka 2023 Texas ilipitisha sheria ya HB 3579, inayoipa TDLR, yaani idara ya jimbo inayotoa leseni zetu, uwezo wa kutoa amri ya dharura ya kusimamisha kituo cha masaji kinachoshukiwa kuwa na biashara haramu ya binadamu, hadi miezi 6. Mimi naiunga mkono sheria hiyo, na najua baadhi yenu hamuipendi. Wanaowafungia wanawake ndani ya vyumba vya nyuma si wenzetu wa kazi, na kila kituo cha namna hiyo kikifungwa, sisi tunapumua. Lakini kivuli chake kinatuangukia. Mwenzetu mmoja alikuwa amekubaliana kila kitu na mwenye jengo, mpaka bei ya kodi na rangi ya ukuta. Neno masaji lilipoonekana kwenye mkataba, simu zake hazikupokelewa tena. Na tusiwasingizie Wamarekani peke yao. Kuna wanachama hapa ambao mpaka leo hawajawaambia mashemeji zao wanafanya kazi gani.

Ndiyo maana mwaka huu tumehimiza mambo madogo yanayoonekana. Ukifanya kazi peke yako chini ya leseni yako binafsi, kwa kawaida hulazimiki kuwa na leseni ya kituo. Ila ukitumia jina la biashara, jina lako kamili na namba ya leseni lazima vionekane katika kila tangazo. Nimepitia kurasa za wanachama: maua mazuri, mishumaa, mawe ya moto, namba ya leseni hakuna. Rekebisheni wiki hii. Picha ya kwenye status ya WhatsApp nayo nihesabieni ni tangazo.

Jambo la pili ni fomu ya mashauriano. Kanuni za Texas zinataka mteja asaini kabla ya kuanza: aina ya masaji, sehemu za mwili zitakazoguswa, namna atakavyofunikwa kwa shuka, na haki yake ya kusema basi wakati wowote. Tuna wateja wengi wazee kutoka Kongo na Burundi ambao walikuwa wakisaini bila kuelewa neno. Kamati ya lugha imetayarisha fomu yenye Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Mama mmoja wa Fort Worth aliposomewa kipengele cha shuka alicheka, akasema kumbe angeruhusiwa kukataa tangu zamani. Fomu iko tayari, mwombeni katibu.

Mtihani wa MBLEx, ule wa kupata leseni ya masaji, bado unatuumiza. Maswali 100, dakika 110, ada dola 265. Ukianguka unangoja siku 30 na kulipa upya. Unatolewa kwa Kiingereza na Kihispania. Lilitolewa pendekezo kwamba tuandike barua kuomba Kiswahili. Halmashauri iligawanyika, nami nilipinga, nikieleza sababu: hata ukifaulu kwa Kiswahili, barua ya daktari itakayokuja na mteja mwenye damu iliyoganda mguuni itakuwa ya Kiingereza, na huo ndio mguu usiotakiwa kuguswa. Badala yake tulianzisha darasa la Jumamosi. Tunasoma anatomia kwa Kiingereza na kujadili kwa Kiswahili. Walimu ni wanachama wenyewe, bila malipo, na chai wanaleta wao.

Sasa mkataba wa leseni kati ya majimbo, IMpact, utakaomwezesha mkandaji wa jimbo moja kufanya kazi katika majimbo mengine yaliyojiunga. Nevada ilijiunga nao ya kwanza mwaka 2023, Ohio na Virginia zikafuata, Texas bado. Unahitaji majimbo 7 ili uanze kazi. Faida yake kwetu ni wazi, maana watu wetu wanahama kufuata ndugu na kazi, na aliyesoma hapa akienda New York anakuta wenzake wamesoma saa 1,000. Tatizo ni kwamba mkataba unadai saa 625 za masomo, au elimu ambayo tume ya mkataba itaikubali kuwa inalingana nazo, na shule za Texas zinahitimisha kwa saa 500. Kwa hiyo Texas ikijiunga kesho, wengi waliomo humu ukumbini watabaki nje ya mlango waliousubiri. Msimamo wetu uwe: tunaunga mkono kujiunga, mradi saa za masomo ya kuendelea na miaka ya kazi viangaliwe. Kila baada ya miaka 2 tunasoma saa 12 ili kuhuisha leseni. Hazijatoka hewani.

Hapo ndipo linapoingia pendekezo langu. Bunge linakaa miezi mitano na kuondoka. TDLR inatunga kanuni mwaka mzima, na kanuni ndizo zinazosema fomu iandikweje na mkaguzi aangalie nini. Rasimu ikichapishwa kwenye gazeti rasmi la jimbo, umma unapewa siku 30 kutoa maoni. Unaandika ukiwa nyumbani, hulali Austin. Bodi ya ushauri ya masaji nayo hukutana hadharani. Naomba tuunde kamati ya watu watatu, kazi yao kufuatilia rasimu hizo na kutuandikia kwa Kiswahili kinachosomeka kabla siku hazijaisha. Safari za Austin zibaki kwa miswada inayotugusa kweli.

Hesabu ataeleza mhazini. Mimi nagusia moja: sehemu ya ada inayotumika kushawishi wabunge haikatwi kwenye kodi, hivyo risiti zenu za mwaka huu zina mistari miwili. Msimpigie simu usiku.

Bunge linalofuata litaanza Januari 12, 2027, lakini wabunge wanaanza kuwasilisha miswada Novemba 2026, mara tu baada ya uchaguzi. Kura ya leo ni mbili: kamati ya kanuni, na msimamo wetu juu ya IMpact. Karatasi za kura anazo katibu. Wenye leseni zinazoisha kabla ya Machi wamwone kabla ya chakula, na waje na cheti cha mafunzo ya kuzuia biashara haramu ya binadamu, kwa sababu bila hicho leseni haihuishwi.

Mwenyekiti