Makumbusho zituwekee na sisi tusioona kitu cha kushika

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni tangu likizo ya Juni. Mimi sioni, macho yalipotea kwa surua nikiwa darasa la tano, na barua hii naiandika kwa simu inayonisomea kila herufi ninayogusa.

Likizo ile wapwa zangu wawili walikuja toka kijijini wakataka kupelekwa makumbusho, sitaitaja ni ipi, nikasema basi twende wote. Getini watu walitupokea vizuri, kulikuwa na ngazi wakanishika mkono wakanipandisha taratibu, kwa hilo nawashukuru. Shida ni ndani. Kila tunapofika ni kioo. Yule mkubwa yuko darasa la sita akawa ananisomea vibao, "mjomba hapa wameandika ngoma ya chifu", nauliza ikoje, anasema kubwa ina ngozi, nauliza inasimama chini au inaning'inizwa, ina mguu au haina, nikasikia sauti yake imeshachoka na mi nikaacha kuuliza, maana mtoto kaja kuona vitu na yeye, hakuja kufanya kazi ya kunisomea vibao mimi. Mbele tukakuta kinyago kiko wazi hakina kioo, nikanyoosha mkono, mlinzi akapaza sauti "mzee usiguse hicho!" Nikaurudisha. Karibu saa nzima tumezunguka na kitu pekee vidole vyangu vilikijua siku ile ni ubaridi wa vioo.

Wiki mbili baadaye nikapita Mwenge pale kwa wachonga vinyago. Kijana mmoja wala hakuniuliza, kaniwekea mkononi kile kinyago cha ujamaa, akasema shika mzee. Nikaanzia chini. Mtu, juu yake mtu, huyu kabeba mtungi, huyu ana mtoto mgongoni, wameshikana miguu na mabega wanapanda hivyo hivyo mpaka juu na wote wametoka kwenye gogo moja la mpingo halina kiungo hata kimoja, nilikitafuta kwa kucha sikukiona. Nilisimama pale kama nusu saa jamani. Miaka yote nimesikia habari za vinyago vya Wamakonde redioni, lakini siku ile ndo nilijua wanafanya nini na ule mti.

Sasa ndugu mhariri, naelewa kabisa vitu vya kale haviwezi kushikwa na kila mtu, jasho la mikono linakula chuma na linachafua mbao. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolikuta mtafiti Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959 lina miaka kama milioni 1.75, sitaki mtu yeyote alipapase, hata mimi. Ila kopi ya plasta inatengenezeka, na lile fuvu nikielezewa naona ni la kushika kuliko hata kutazama, maana utosini lina tuta limesimama ambapo misuli ya taya ilikuwa inajishikiza na magego yake ni makubwa mno kuliko ya kwetu. Mtoto asiyeona akipitisha kidole kwenye lile tuta halafu akajishika utosi wake mwenyewe akakuta hana, hapo umeshamfundisha bila maneno mengi. Na zile nyayo za Laetoli za miaka milioni 3.6, za viumbe wa kale wa jamii hiyo hiyo waliopita kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, mchukulieni mtoto kopi yake aweke mguu wake humo ndani auone unavyokaa.

Hili wenzetu walishalifanya. Italia mji wa Ancona kuna makumbusho inaitwa Omero, ilianzishwa 1993 kwa wazo la mume na mke wasioona, Aldo Grassini na Daniela Bottegoni, waliokuwa wanasafiri nchi mbalimbali na kila wakiingia makumbusho wanaambiwa usiguse. Pale kugusa ndo utaratibu wenyewe, kuna kopi za sanamu za Michelangelo unazipapasa na mikono miwili, na wanaoona nao wanaenda.

Na wala siombi hisani. Mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia mwaka 2009 na kifungu cha 30 kinataja makumbusho kwa jina, halafu mwaka uliofuata tukatunga na sheria yetu wenyewe, namba 9 ya 2010.

Pesa? Wachongaji tunao, wafinyanzi tunao. Mtungi, kinu, bao, jembe la mkono, manyanga, hivi vyote vinanunuliwa sokoni, viwekwe kwenye meza moja mlangoni na maelezo ya nukta nundu pembeni, na wale vijana wanaotembeza wageni wafundishwe kueleza kitu kwa asiyeona, yaani aseme urefu wake kwa kulinganisha na mkono wangu, sio kuniambia "kizuri sana kile pale". Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama kina nyumba za makabila ambazo ni mfano mzuri, mtu anasikia udongo wa ukuta na nyasi za paa. Na msisahau wenye uoni hafifu, wakiwemo ndugu zetu wenye ualbino, vile vibao vya herufi ndogo nyuma ya kioo kinachomeremeta taa vinawatesa sana, herufi zikikuzwa na zikawa nyeusi kwenye nyeupe nusu ya shida imeisha.

Ila kabla ya kununua chochote wahusika waite kwanza Chama cha Wasioona wakae nao, watuulize tunataka kushika nini. Mi ningeanza na ile ngoma ya chifu.

Wapwa zangu wanarudi Desemba. Safari hii natamani mimi ndo niwaelezee wao.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam