Kwa mpwa wangu, kuhusu mwaka 1979

Mpwa wangu,

Salamu kutoka Arua. Uliniuliza kwa nini sisi wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, kwao Idi Amin, tunanyamaza kila inapofika tarehe 11 Aprili, siku utawala wake ulipoangushwa mwaka 1979, na kama ni kweli kwamba tulimpenda. Nakujibu hadharani kwa sababu swali hilo wanalo wengi, ila hawana mjomba wa kumuuliza.

Amin alituua na sisi. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara wa huku kwetu, alikuwa waziri wake wa mambo ya nje. Mwaka 1974 aliondolewa kazini, na muda si mrefu maiti yake ikaopolewa katika mto Nile. Mwaka uleule Brigedia Charles Arube, wa kabila la Wakakwa kama Amin mwenyewe, alijaribu kumpindua na akafa. Usikubali mtu akuambie kwamba utawala ule ulikuwa karamu yetu.

Vita alivianzisha mwenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi lake liliingia Kagera, Tanzania, akatangaza kwamba eneo lile sasa ni la Uganda. Nyerere akawaambia Watanzania kwamba sababu ya kumpiga wanayo, nia wanayo na uwezo wanao. Februari 1979 Masaka na Mbarara zikaanguka. Baada ya hapo saba saba, yaani mizinga ya roketi ya Watanzania, zikaanza kunguruma karibu na Kampala, na Aprili 11 sauti ya David Oyite-Ojok, kamanda wa Waganda waliopigana pamoja na Watanzania, ikasikika Redio Uganda ikitangaza kwamba utawala umeanguka. Watu walishangilia barabarani na kuwapokea wakombozi. Walikuwa na haki. Miaka minane ya kutoweka kwa ndugu zao si kitu kidogo.

Lakini masimulizi mnayopewa huko yanakomea hapo, na vita havikukomea hapo. Viliendelea mpaka mwanzoni mwa Juni, vikipanda kuja kwetu. Waliokimbia mbele yake hawakuwa askari peke yao. Bibi yako alivuka kuingia Zaire, mama yako akiwa mgongoni na mimi nikishikwa mkono. Babu yako alikuwa fundi baiskeli. Bunduki aliiona mikononi mwa wengine tu. Ila tayari mtu yeyote wa West Nile alihesabiwa kuwa mtu wa Amin, na tulijua kisasi hakiulizi kazi ya mtu. Maelfu walikwenda hivyo, Zaire na Sudan.

Na huko Kampala? Waganda wapinzani wa Amin waliokutana Moshi, Tanzania, mwezi Machi walikubaliana nani aondoke. Jinsi ya kutawala baada yake hawakuafikiana. Yusuf Lule aliapishwa kuwa rais Aprili 13, akakaa siku 68. Aligombana na Baraza la Ushauri la Taifa, lililokuwa kama bunge la muda, juu ya nani mwenye mamlaka ya kuteua mawaziri, na Juni 20 akaondolewa. Wakazi wa Kampala waliingia barabarani wakipaza sauti, "Twagala Lule!", yaani tunamtaka Lule. Akaja rais mwingine, Godfrey Binaisa. Mei 1980 alijaribu kumwondoa Oyite-Ojok kwenye unadhimu mkuu wa jeshi, na badala yake akaondolewa yeye na Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, mpwa. Katika kugombania viti kote kule, sisi tuliokuwa ng'ambo ya mpaka tulisahauliwa. Oktoba 1980 baadhi ya askari wa zamani wa Amin wakarudi kwa silaha, na jeshi jipya likalipiza kwa raia. Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, hapa karibu na mjini, waliuawa humohumo. Wenzako wanaijua Aprili 11. Waulize kama Ombaci wamewahi kuisikia.

Ukija Desemba, acha nafasi kwenye simu yako ya kurekodi. Bibi yako bado anakumbuka majina ya waliovuka naye, na ameniambia yuko tayari kuyataja. Halafu ukirudi huko, nenda Masaka ukawarekodi wazee wao pia.

Mjomba wako