Barua kwa Zuhura kuhusu Wapaiute

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, natumai nyumbani hamjambo wote. Rasimu yako nimeisoma hadi mwisho, na nimefurahi mno kuona Wapaiute, wenyeji wa asili wa magharibi mwa Marekani, wakiandikwa kwa Kiswahili. Ila sentensi ya kwanza naomba uiondoe, pale uliposema "Wapaiute huzungumza Kipaiute". Kosa hilo likiachwa hapo, yote yanayofuata yanapinda.

Jina hilo wamebandikwa watu wa lugha zaidi ya moja. Paiute wa Kaskazini, wanaojiita Numu, wako magharibi ya Nevada, kusini-mashariki ya Oregon na pande za California zinazopakana nao. Wa Kusini, Nuwuvi, wako kusini mwa Utah na Nevada na kaskazini mwa Arizona. Halafu kuna watu wa bonde la Owens, California, ambao nao huitwa Paiute lakini lugha yao ni Kimono. Zote ni za tawi la Numiki, katika jamii ya Kiyuto-Azteki, lakini undugu wao haufuati jina. Kipaiute cha Kusini, Kichemehuevi na Kiute ni lahaja zinazofuatana za lugha moja. Cha Kaskazini kiko karibu zaidi na Kimono. Numu na Nuwuvi wakikutana, kila mmoja kwa lugha yake, hawaelewani. Jina Numiki lenyewe wanaisimu wamelitoa katika neno la "mtu" la lugha hizo, kama "Bantu" lilivyotokana na neno letu la watu. Hilo liandike, msomaji wetu atalishika mara moja.

Sasa matamshi. Hizo u za Numu si u yetu. Tamka u, ulimi uuache palepale nyuma, kisha midomo uilegeze ikae bapa kama ya i. Wanaisimu huiandika ɨ, wengine ü, wengine u tupu. Ndiyo maana jina moja utalikuta na sura tatu, na ukizihesabu kama makabila matatu umeharibu.

Majina ya makundi ya Kaskazini ndiyo yaliyonifurahisha zaidi katika kazi yako, maana Kiswahili kinayabeba bila shida. Mengi yanataja chakula. Kuyuidokado wa Pyramid Lake, ziwa la Nevada, ni wala kuyui, samaki asiyepatikana kwingine duniani. Agai Ticutta wa Walker Lake ni wala samaki aina ya trauti. Toi Ticutta wa Stillwater ni wala mafunjo fulani ya majini. Angalia vizuri: ticutta, dokado na dika'a (ya Kutsadika'a, nitakaowataja hapo chini) zote zimejengwa juu ya kitenzi kimoja, "kula", ambacho t yake ikiingia katikati ya neno mara nyingi hulegea ikasikika d. Ukiandika kwa Kiswahili weka kistari, "Wala-kuyui", vinginevyo mtu atasoma "wala" ya kukanusha.

Kutsadika'a wa Mono Lake umewaita "wala nzi". Hapana. Kutsavi ni mabuu ya nzi wa ziwa la chumvi yaliyokwisha kujifunga ndani ya maganda. Mwishoni mwa kiangazi upepo huyasukuma ufukweni yakalala marundo marundo. Yaliokotwa, yakaanikwa juani, yakasuguliwa mpaka ganda litoke, kisha yakapepetwa kama tunavyopepeta mchele, ikabaki punje ya manjano yenye mafuta. Na hawa, ingawa ni jirani wa bonde la Owens, lugha yao ni Kipaiute cha Kaskazini.

Kuhusu samaki kuyui, ongeza mwaka 1905. Bwawa la Derby liliyageuza maji ya mto Truckee yakamwagilie mashamba, Pyramid Lake likashuka, na mdomoni mwa mto pakawa kina kifupi hata samaki wakashindwa kupanda kutaga mayai. Watu walionyimwa maji hayo ndio wenye jina la samaki huyo, kwa hiyo usilitaje jina ukaacha bwawa.

Mwisho, zile irabu za Kusini ulizodhani zimesahauliwa kwenye maandishi. Irabu ya mwisho wa neno mara nyingi hutamkwa kwa mnong'ono, bila sauti ya kooni. Usipokuwa makini utaandika neno limekatika. Na p iliyo kati ya irabu hulegea ikakaribia v, isipokuwa midomo yote miwili ndiyo inayokaribiana. Mwanaisimu Edward Sapir alikuwa akimfundisha Tony Tillohash, kijana Mpaiute wa Kaibab, kuandika lugha yake, akamtajia neno la "penye maji". Masikioni mwa Sapir katikati palisikika hiyo v. Tony alipoligawa silabi kwa silabi alisema pa, akatua, kisha pa tena. Yeye aliisikia p, kwa kuwa pa ya kwanza ndiyo maji, na kiambishi cha "penye" nacho kwa asili huanza na p. Kwa hiyo neno likikutatiza, tafuta kwanza mwenye lugha analigawaje, ndipo uchague herufi.

Nitumie tena ukishairekebisha. Wasalimie watoto.

Rafiki yako,
Mwanaidi